Maji ya Kunywa Kwanza: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Bonde la Coachella

Kwa madiwani wa miji tisa ya Bonde la Coachella, California. Kwa wasimamizi wa Kaunti ya Riverside. Na kwa wajumbe wa bodi ya Mamlaka ya Maji ya Bonde la Coachella.

Waheshimiwa,

Naandika kuwaomba jambo moja. Msiidhinishe bwawa jingine lolote la mawimbi, yaani lile ambalo mashine inatengeneza mawimbi ya watu kuteleza, katika bonde hili mpaka kila nyumba ya upande wa mashariki, kuanzia Thermal na Oasis hadi Mecca na North Shore, iwe na maji ya mfereji yanayonyweka bila hofu. Mengine nitakayoyasema ni sababu za ombi hilo.

Mimi ni Mzanzibari, mkaazi wa Indio, na riziki yangu naipata hotelini. Natandika vitanda, nasafisha vyoo, nabadilisha mataulo ya wageni wanaokuja kuota jua la jangwani. Barua hii nimewaletea kwa Kiingereza pia. Hii ya Kiswahili nawaandikia ndugu zangu wa Afrika Mashariki na Kongo walioko California na Arizona, ambao wengi wao wanafanya kazi kama yangu, na wale walioko nyumbani, ambao nao kila mwaka wanaletewa mradi mpya wa hoteli na kuambiwa kwamba maji yapo, wasiwe na wasiwasi.

Wao wanahitaji kuelezwa kidogo mahali penyewe. Bonde la Coachella liko ndani ya jangwa, mashariki ya Los Angeles, mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari. Magharibi yake iko Palm Springs, na baada yake miji ya mapumziko iliyopangana: Rancho Mirage, Palm Desert, Indian Wells, La Quinta. Huko kuna viwanja vya gofu zaidi ya 100. Mashariki ni mashamba ya zabibu, ndimu, pilipili na mitende, ambayo miche yake ililetwa kutoka Algeria, Iraq na Moroko karne iliyopita. Mvua ya upande huu wa mashariki kwa mwaka wa kawaida haifiki milimita 100. Tarehe 5 Julai 2024 Palm Springs ilifikia nyuzi 51.1 za Selsiasi, rekodi ambayo haikuwahi kuandikwa pale kabla.

Maji tunayotumia hayakushuka kwenye milima yetu tu. Sehemu yake kubwa ni ya Mto Colorado, yanaletwa na mfereji uliokamilika mwishoni mwa miaka ya 1940, na mengine yanamwagwa kwenye madimbwi ya mchanga ili yazame na kurudisha akiba ya chini ya ardhi tuliyoivuta kupita kiasi. Palikuwa na wakati tuliivuta mpaka ardhi ikadidimia: wataalamu wa jiolojia wa serikali kuu walipima kati ya 1995 na 2010, na katika sehemu za Palm Desert, Indian Wells na La Quinta wakakuta imeshuka hadi kiasi cha sentimita 60. Mto Colorado wenyewe unategemewa na watu wapatao milioni 40. Julai 2022 Ziwa Mead, linalohifadhi maji ya mto huo, lilishuka kiwango ambacho halijawahi kukifikia tangu lilipojazwa katika miaka ya 1930. Kanuni za kugawana shida hiyo, zilizowekwa 2007, mwisho wake ni 2026.

Katika hali hiyo ndipo yalipokuja mawimbi.

Desemba 2015 Kelly Slater, bingwa wa dunia mara 11 wa mchezo wa kuteleza kwenye mawimbi, aliuonyesha ulimwengu wimbi lililotengenezwa kwa mashine huko Lemoore, mji wa wakulima ulio mbali na bahari. Tangu hapo kila mwenye ardhi jangwani ameona ufukwe. Palm Desert iliidhinisha bwawa lake 2019 katika eneo la uwanja wa gofu wa Desert Willow, ambao ni mali ya jiji. Kaunti ya Riverside iliidhinisha jingine Thermal mwaka 2020. Palm Springs ilifungua lake mwanzoni mwa 2024, mahali palipokuwa na bustani ya michezo ya maji. Rancho Mirage imo katika mradi wa kampuni ya Disney, nyumba zilizozunguka ziwa la kutengeneza la ekari 24. Hilo halina mawimbi, lakini jua haliulizi kama maji yana mawimbi.

Na palikuwa na La Quinta. Hapo chini ya Coral Mountain wawekezaji walitaka kujenga hoteli ya vyumba 150, nyumba 600, na bwawa la mawimbi la ekari zipatazo 16.6, lenye ujazo wa galoni milioni 18, sawa na lita milioni 68. Septemba 2022, baada ya miezi mingi ya vikao na upinzani wa wakaazi, baraza la jiji liliukataa. Nawashukuru madiwani wa La Quinta kwa uamuzi ule. Nasema shukrani hiyo kwa moyo, maana wafanyakazi wa hoteli tuliambiwa sana habari ya ajira, na haikuwa rahisi kwa diwani kusimama na kusema hapana.

Lakini nataka muutazame uamuzi wa La Quinta ubavuni mwa ule wa Thermal. La Quinta ni jiji. Lina meya, lina baraza, lina wakaazi wenye mawakili na muda wa kukaa kikaoni hadi usiku. Walilalamikia taa ndefu, kelele, magari na maji, wakasikilizwa. Thermal si jiji. Haina meya wala diwani. Mambo yake yanaamuliwa na wasimamizi watano wa kaunti, makao yao makuu yakiwa Riverside, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, na kikao huanza asubuhi, wakati kibarua wa zabibu yuko shambani tangu alfajiri. Mradi wa Thermal una bwawa kubwa na nyumba zaidi ya 300 za kifahari ndani ya uzio. Ulipita. Kwenye maskini ulipita, kwenye wenye sauti ulikwama, na waliopitisha na waliokataa wote wanavuta maji kutoka bonde lile lile.

Sasa niseme juu ya mifereji ya majumbani huko mashariki, kwa sababu hapo ndipo roho ya barua hii ilipo.

Mwaka 1992 jimbo la California lilipitisha sheria iliyoruhusu mitaa midogo ya nyumba za trela, isiyozidi trela 12, ijengwe kwenye ardhi ya mashamba kwa ajili ya vibarua. Nia ilikuwa njema, watu wapate pa kulala karibu na kazi. Ikaota mitaa mingi mashariki ya bonde, na kwa kuwa mabomba makubwa ya maji hayakufika huko, kila mtaa ulijichimbia kisima. Ardhi ya huko ina aseniki ya asili. Haionekani, haina harufu, haina ladha, na ukiinywa miaka inaleta saratani ya ngozi, ya kibofu, ya mapafu. Na sisi tuliolelewa kuambiwa "chemsha maji ndiyo unywe" tuelewe hili vizuri: aseniki haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapopungua sufuriani yenyewe inabaki, na kila lita inayobaki ina sumu zaidi kuliko mwanzo. Mama anayechemsha kwa kumpenda mtoto wake anamzidishia.

Mwaka 2019 shirika la serikali kuu la kulinda mazingira lilitoa amri ya dharura kwa mtaa wa trela wa Oasis, ulio katika ardhi ya kabila la Torres Martinez la Wacahuilla, wenyeji wa asili wa bonde hili, baada ya aseniki kukutwa inakaribia mara kumi ya kikomo kinachoruhusiwa, ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita. Amri nyingine zilifuata. Wakaazi wengi wa pale ni vibarua wa mashambani, na wengi wao ni Wapurépecha kutoka Michoacán, Mexico, ambao Kihispania kwao ni lugha ya pili na Kiingereza ya tatu. Watu hao ndio wanaochuma zabibu na tende zinazopangwa kwenye sahani za wageni wetu.

Ninaye mfanyakazi mwenzangu anayeishi upande huo. Kila jioni kabla ya kupanda gari anajaza madumu yake kwenye bomba la kazini. Hajifichi, wote tunajua, na hakuna anayemkataza. Maji ya kuoga na kufulia anatumia ya kisima, ya kunywa na kupikia anabeba. Ameishi hivyo miaka, analipa kodi ya pango, analipa kodi ya serikali, anatandika vitanda kuliko mimi. Nikisoma tangazo la bwawa jipya lenye wimbi la kila dakika kadhaa, mtu ninayemfikiria ni yeye.

Najua majibu yenu, kwa sababu nimekaa nyuma ya ukumbi nikiyasikiliza.

La kwanza mnasema bwawa la mawimbi linatumia maji machache kuliko uwanja wa gofu. Ni kweli. Uwanja mmoja wa mashimo 18 katika jangwa hili unakunywa maji mengi mno, na bwawa linatumia sehemu ndogo ya hayo. Lakini kwa nini gofu ndiyo iwe kipimo? Tukilipima kila jambo kwa lile lililotushinda zaidi, hakuna litakaloonekana baya. Palm Desert ilikwenda mbali zaidi: mradi wake ulifungamanishwa na ahadi ya kung'oa nyasi za gofu ili kufidia maji ya bwawa. Hiyo ndiyo hoja bora niliyoisikia upande wa wawekezaji, na naiheshimu. Hata hivyo zile nyasi zilistahili kung'olewa bila kudai malipo. Mwaka 2023 jimbo lilipitisha sheria ya kukomesha hatua kwa hatua matumizi ya maji ya kunywa kumwagilia nyasi za mapambo kwenye maeneo ya biashara na ofisi. Huko ndiko tunakoelekea. Maji yanayookolewa kwa kung'oa nyasi ni akiba ya bonde zima, na mwenye haki ya kwanza juu yake ni asiye na maji ya kunywa.

La pili mnasema maji ya bwawa yanazungushwa na kusafishwa, hayamwagwi. Hapo naomba tupige hesabu pamoja. Jua la bonde hili linavukiza kiasi cha mita 1.8 za maji kwa mwaka kutoka kwenye eneo lililo wazi. Chukueni lile bwawa la La Quinta: ekari 16.6 ni zaidi ya mita za mraba 67,000. Zidisheni. Mnapata zaidi ya lita milioni 120 zinazopaa kila mwaka, karibu mara mbili ya ujazo wa bwawa lenyewe, na hapo hatujahesabu mawimbi yanayotimua maji hewani na upepo wa alasiri unaoyabeba. Kwa kipimo cha lita 100 kwa mtu kwa siku, hayo ni maji ya watu zaidi ya 3,000. Chujio liwe zuri namna gani, halirudishi maji yaliyokwenda mawinguni.

La tatu ndilo zito, na sitalikwepa. Mnasema shida ya mashariki si upungufu wa maji bali ni mabomba na fedha; kwamba hata tukiyafuta mabwawa yote leo, bomba la Oasis halitatoa maji safi kesho. Nakubali. Ndiyo hasa sababu ombi langu limekaa namna lilivyokaa. Sikuomba maji ya bwawa yahamishwe kwa ndoo. Naomba mtazame nani anafikishiwa bomba. Mradi wa kifahari ukiidhinishwa pale Thermal, mahandisi wanapatikana, michoro inachorwa, bomba linalazwa, taa za barabarani zinasimama, na vikao vya kuharakisha kibali vinapangwa. Mtaa wa trela ulio jirani unaambiwa usubiri ruzuku. Jimbo lina mfuko wa maji salama uliowekwa kwa sheria ya 2019, dola milioni 130 kila mwaka hadi 2030, na ninyi mnajua kwamba fedha peke yake hazichimbi mtaro. Zinahitaji ofisi inayoziomba, inayofuatilia, inayokwenda kuzungumza na mwenye kisima. Nguvu hiyo ya ofisi mnayo. Mmekuwa mkiitumia kwa mawimbi.

Tena si jambo la hisani. Tangu 2012 sheria ya California inatamka kwamba kila binadamu ana haki ya maji salama, safi, ya bei anayoimudu, na yanayofikika kwa kunywa, kupika na usafi. Sheria hiyo haitaji haki ya wimbi.

Mnaweza kuuliza imenihusu nini mimi, mgeni kutoka kisiwani. Natoka kaskazini ya Unguja. Kwetu hoteli zilipoanza kuota ufukweni miaka ya 1990 zilichimba visima vyao vyenye pampu kubwa. Maji matamu ya kisiwa chetu yamelala juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta taratibu yanakutosha, ukiyavuta kwa pupa chumvi inapanda. Visima vya vijiji vikaanza kukorofisha. Nimekua nikipanga ndoo nje ya ukuta ambao ndani yake palikuwa na bwawa la kuogelea la maji matamu, na bahari yenyewe iko hatua chache mbele. Hoteli ilitupa kazi, hilo silikani, na mama yangu alisomesha watoto kwa kazi hiyo. Lakini hakuna kiongozi aliyewahi kumwambia mwenye hoteli: bomba lako lifike kijijini kwanza, ndipo ufungue milango. Ingewezekana, na mwenye hoteli angekubali, kwa sababu ufukwe aliutaka sana.

Wawekezaji wa mawimbi nao wanalitaka bonde hili. Wanalitaka jua lake, viwanja vyake vya ndege, matajiri wake wa majira ya baridi. Msiwauzie rahisi.

Na bonde hili limeshawahi kuwa na ufukwe, waheshimiwa. Kati ya 1905 na 1907 Mto Colorado ulivunja mifereji ya umwagiliaji ukajaza bonde la chini, likatokea Salton Sea. Katika miaka ya 1950 na 1960 wawekezaji walikata viwanja, wakajenga mahoteli na gati, wakaleta mashindano ya boti. North Shore palijengwa klabu ya mashua iliyochorwa na Albert Frey, msanifu aliyeipa Palm Springs sura yake. Leo maji yale yamerudi nyuma na kuacha tope kavu, chumvi yake inakaribia mara mbili ya bahari, samaki wamekufa kwa mafungu, na upepo unapovuma vumbi linaingia vifuani mwa watoto wa Mecca na North Shore, ambao pumu imewazidi. Waliouza viwanja wameondoka zamani. Waliobaki ni wale wasio na pa kwenda, na ndio hao hao wasio na maji ya kunywa.

Wacahuilla walijua zaidi yetu. Kabla ya Salton Sea, ziwa kubwa zaidi lilikuja na kukauka hapo hapo mara nyingi kwa karne na karne. Chini ya milima ya Santa Rosa bado ipo mitego yao ya samaki, safu za mawe zilizoshuka kufuata maji yalivyokuwa yakirudi nyuma; mtu wa pwani yetu akiiona ataikumbuka nyando. Ziwa lilipokauka walichimba visima mchangani vyenye njia ya kushukia hadi chini, na mji wa Indian Wells umepata jina kwa kisima cha namna hiyo. Wazao wao wa kabila la Agua Caliente walilazimika kwenda mahakamani 2013 kudai kwamba maji ya chini ya ardhi yao ni haki yao, na mahakama ya rufaa iliwakubalia 2017. Mashauriano yoyote juu ya bwawa jipya yasiyoanza na makabila haya yameanza vibaya.

Ninachowaomba mkifanye kinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Simamisheni upokeaji wa maombi mapya ya mabwawa ya mawimbi na maziwa ya mapambo. Kwa miradi iliyokwisha kuidhinishwa lakini haijajengwa, hasa wa Thermal, fungueni tena masharti: bomba la maji safi lilazwe hadi kwenye mitaa ya trela ya jirani kwanza, kwa gharama ya mwekezaji pamoja na mfuko wa jimbo, ndipo kibali cha kujaza bwawa kitolewe. Kwa mabwawa yanayofanya kazi, wekeni mita na mtangaze kila mwezi, hadharani, yamejazwa lita ngapi. Vikao vinavyohusu mashariki vifanyike mashariki, jioni, wakati watu wametoka mashambani, na pawe na mkalimani wa Kihispania na wa Kipurépecha.

Mtu atasema nitapoteza kazi mimi mwenyewe hoteli zikipungua. Vyumba vya kusafisha havijawahi kupungua hapa, na wageni walikuja miaka 80 kabla ya mashine ya mawimbi. Wanakuja kwa milima ya San Jacinto yenye theluji juu ya mitende, kwa ukimya, kwa joto la Januari wakati kwao kunaganda. Sijawahi kumsikia mgeni akilalamika kwamba jangwani hakuna bahari.

Naomba barua hii isomwe katika sehemu ya maoni ya wananchi kwenye kikao chenu kijacho na iingizwe katika kumbukumbu. Zamu yangu siku hiyo nimekwisha kuibadilisha. Nitakuja na mwenzangu niliyemtaja, na atakuja na chupa ya maji ya kisima chake, pamoja na karatasi ya maabara iliyoyapima, ili muisome wenyewe kabla ya kupiga kura.

Kwa heshima,

Mfanyakazi wa hoteli, mkaazi wa Indio